Tabu, Taabu na Wauza Nyota

"Mwalimu, si hili jina ndilo linalomfunga mwanangu?"

Swali hili nimeulizwa kwenye daladala la Bunju, nimeulizwa harusini, nimeulizwa msibani hata tanga halijaanuliwa. Safari hii niliulizwa kwenye kibanda cha steshenari pale Boko Basihaya, ninapotolea nakala za mitihani. Mama mmoja alikuja na bintiye na bahasha ya kaki. Binti ni muuguzi, anaitwa Tabu. Maombi yake ya ajira yamerudishwa mara mbili, na mtu anayejiita mtaalamu wa nyota amewaambia kwamba kisa ni jina. Dawa aliyowaandikia ni kwamba binti aitwe Neema, na jina la babu lifutwe ili laana ya ukoo ikatike. Bei, shilingi 150,000. Nusu imeshalipwa.

Nimeyasomea majina na kuyafundisha kwa miaka mingi. Mama huyu sina neno naye. Kinachonichoma ni hiyo nusu iliyolipwa.

Nikaanza na hesabu yenyewe ya nyota, ile ya abjadi, maana wateja hawaonyeshwi inavyokwenda. Katika abjadi kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu ni 1, be ni 2, wau ni 6, ain ni 70, te ni 400, hadi ghaini ambayo ni 1,000. Hujumlishwa jina la mtu na jina la mama yake, kisha hutolewa 12, tena 12, mpaka isitoke tena. Kinachobaki ndiyo nyota: 1 ni Punda, 4 ni Kaa, na kisipobaki kitu ni Samaki. Nilichukua kalamu nikaandika nyuma ya bahasha ileile. Tabu, kwa te, alifu, be na wau, inatoa 409. Ondoa 12 zote, inabaki 1: Punda. Ukiiacha alifu, kwa sababu a fupi kwa Kiarabu huonyeshwa kwa fataha tu, unapata 408, haibaki kitu: Samaki. Ukirudi kwenye neno la Kiarabu lililotuzalia tabu, lenye te, ain na be, unapata 472, inabaki 4: Kaa. Mtoto mmoja, nyota tatu, na hakuna aliyekosea kujumlisha. Ukiongeza jina la mama, zote tatu zinasogea kwa hatua zilezile, kwa hiyo hazikutani kamwe.

Na hilo ni jina lenye asili ya Kiarabu. Chausiku je? Pazi, jina la Wazaramo wenye nchi hii tunayojengea, litahesabiwaje wakati pe na che hazimo katika herufi 28 za abjadi? Mpiga hesabu huazima herufi ya jirani. Anayeazima herufi ndiye anayechagua jibu, na jibu analichagua akiwa tayari ameshaitazama pochi yako.

Hesabu ikishindwa, huletwa hoja ya macho: watazame akina Shida, Mashaka, Masumbuko, wangapi wametajirika? Hapa ndipo watu wenye akili zao wanaponasa. Dhiki ilitangulia, jina likafuata. Mtu aliyezaliwa kwenye nyumba yenye shida akaitwa Shida alianza maisha nyuma ya wenzake kabla hajapewa jina lolote. Angeitwa Bahati angekuwa na njaa ileile. Akina Bahati wasio na bahati nao tunao kila mtaa, ila hakuna anayewahesabu.

Majina ya kwetu mengi ni taarifa ya siku ile. Chausiku kazaliwa usiku, kama Otieno wa Wajaluo. Mabula wa Wasukuma kazaliwa mvua ikinyesha, kama Okoth. Nzala kazaliwa wakati wa njaa. Shija kawafuata mapacha Kulwa na Doto. Kwame Nkrumah alizaliwa Jumamosi na Kofi Annan Ijumaa, na Waakani wa Ghana walilisema hilo kwenye jina, kama sisi tulivyosema kwa Mwajuma na Jumanne. Mtu akiisoma taarifa hiyo kama utabiri, ameisoma kinyumenyume.

Mfano ninaoutegemea siku zote uko Butiama. Mzee Nyerere Burito alizaliwa wakati viwavi wamevamia nchi ya Wazanaki, akaitwa Nyerere, yaani kiwavi. Mdudu anayemaliza mashamba! Mzee huyo akawa chifu, akafa mwaka 1942 angali na jina hilo. Mwanawe aliyezaliwa 1922 aliitwa kwanza Mugendi, mtembeaji, kisha akaitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua. Wauza nyota hupenda kunikumbusha kwamba badiliko hilo lilitoka kwa mwaguzi. Ni kweli. Lakini yeyote asiyesahau la mwaguzi asisahau kwamba lile la kiwavi halikuguswa, na ndilo tulilolibandika kwenye uwanja wa ndege wa Dar es Salaam.

Imani yenyewe haikuzaliwa Tegeta wala Kariakoo. Sukarno wa Indonesia alipewa jina la Kusno, akawa mtoto wa kuugua ugua, wazazi wakambadilishia. Kwa Wayoruba dawa inakwenda upande wa pili kabisa: mama aliyezika watoto kadhaa humwita anayefuata Malomo, usiondoke tena. Jina la uchungu ndilo kinga. Basi mwenye Tabu aende kwa nani, anayesema jina chungu linafunga au anayesema linalinda? Na kama kubadili majina kunasafisha nyota, nchi ambayo ingeng'ara ni Kongo. Mwaka 1971 Mobutu aliiita Zaire, mwaka 1972 raia wakaamriwa waache majina ya Kikristo, yeye mwenyewe akawa Sese Seko. Waulizeni Wakongo walichovuna.

Wengine hunijia na dini. Yabesi wa kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 4, ameitwa hivyo kwa sababu mama yake alimzaa kwa huzuni. Wahubiri wa kubadilisha majina wanampenda sana. Wasome hadi mwisho: Yabesi aliomba, akajibiwa, na jina hakubadilisha. Kwa Waislamu, Mtume alimbadilishia Asiya, mwenye kuasi, akamwita Jamila. Aliangalia maana. Hakuhesabu herufi wala hakutoza mtu.

Sasa hilo la kufuta jina la babu. Fomu zetu zina mstari wa "jina la ukoo", na mstari huo umewapotosha wengi. Kwa Mchaga, Mushi au Massawe ni ukoo kweli. Kwa Mnyakyusa, Mwa- inakwambia ni uzao wa nani. Kwa mtu wa pwani jina la tatu ni la babu yake tu, kama Waethiopia wanavyojiita kwa majina ya baba, kama Waislandi hadi leo, na kama Waturuki wengi walivyokuwa kabla ya sheria ya mwaka 1934 kuwalazimisha kuchagua jina la ukoo. Mama wa Basihaya ni Mzaramo, na kwa desturi ya Wazaramo ukoo unafuata upande wa mama. Kwa hiyo mtaalamu alitaka kukata ukoo mahali ambapo haujapita!

Nilimuuliza mama: siku ile kulikuwa na nini? Akanyamaza kidogo. Ilikuwa mwanzoni mwa 1998, mvua za El Niño. Walikuwa wanakaa Mapinga, uchungu ukamshika usiku, mto Mpiji umejaa, hakuna gari la kuvuka. Mama mkwe alimshika mkono mpaka alfajiri, akampokea mtoto kwa mikono yake, akasema huyu ni Tabu, tumemwona kwa tabu. Binti alikuwa amesimama pale na bahasha. Hakuwahi kusimuliwa.

Kama jina linakuuma kweli, kwa sababu ya kejeli au kwa sababu hulipendi, una haki ya kuliacha, na njia zipo. Kuitwa jina jingine nyumbani hakuhitaji karatasi. Kubatizwa au kusilimu hakubadilishi hati. Herufi zikipishana kati ya nyaraka, kiapo kwa wakili. Ukitaka kubadilisha moja kwa moja, wakili akuandalie hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, ndipo uende nayo RITA, NIDA, Uhamiaji na benki. Jina la mtoto lirekebishe mapema, kabla shule haijamsajili kwa mtihani wa taifa, kwa sababu vyeti vya mitihani ni vigumu mno kuvigusa baadaye. Na kabla ya yote, panga nyaraka zako mezani uzisome herufi kwa herufi.

Ndivyo tulivyofanya. Cheti cha kuzaliwa: Tabu. Kitambulisho: Tabu. Cheti cha kidato cha nne: Taabu. Mwalimu fulani, miaka hiyo, aliongeza a moja, na maombi ya ajira yakawa yanarudi kwa sababu majina hayalingani. Wakili wa jirani aliandaa kiapo siku hiyohiyo. Binti alikisoma mara mbili, akaniomba kalamu, akaandika jina lake polepole, kwa a moja.