Mafua Yasiyokwisha

Miongoni mwa maradhi ambayo watu huyadharau sana ni maradhi ya pua. Mtu aamkapo asubuhi hupiga chafya hata mara kumi, pua ikamtiririka maji, macho yakamwasha, na watu wa nyumbani wakasema, "Ana mafua tu." Lakini mafua ya kawaida hukaa siku saba mpaka kumi, kisha huondoka. Yakiendelea mwezi mzima, au yakirudi kila mwaka majira yale yale, hatuna budi kuuliza kama kweli ni mafua. Mara nyingi siyo. Ni mzio wa pua, yaani mwili kupigana na kitu kisicho adui, kama vumbi, chavua ya nyasi au manyoya ya mnyama.

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zina vitu hivyo kwa wingi. Wakati wa kiangazi barabara za udongo hutimka vumbi, na baada ya mvua nyasi za mbuga hutoa maua. Ng'ombe nao, ambao ndio fahari ya watu wa huko, hukaa karibu na nyumba. Lakini liko jambo lililo kubwa kuliko hayo, nalo halionekani kwa macho: vijidudu vya vumbi vikaavyo ndani ya godoro, mto na blanketi, vikila magamba ya ngozi zetu. Hivi si kunguni, wala haviumi. Moshi wa kuni wenyewe si mzio, ila huiudhi pua iliyokwisha kuvimba. Na hata udi na ubani tuvipendavyo hufanya vivyo hivyo. Mwenye mgonjwa nyumbani asivifukize chumbani mwake.

Basi tusikilize vema hapa, kwani ndipo penye hatari. Kamasi za mzio hazitoki mbele tu. Usiku mtoto alalapo, hushuka nyuma kooni naye akakohoa mpaka alfajiri. Wazazi huona kikohozi hakiishi, huambiwa kwamba kimeo kimerefuka, na mtoto akapelekwa kukatwa. Desturi hii ingali hai katika sehemu nyingi za Tanzania, wala haina faida yoyote kwa kikohozi hiki, maana asili yake ni puani. Watoto wametokwa damu nyingi, wengine wamepata pepopunda, na wako waliofariki. Twawaomba akina baba na akina bibi wa Mugumu, wa Sirari na wa Nyamongo, kabla ya kumwita mkata vimeo, wampeleke mtoto hospitali pua yake itazamwe.

Daktari mwangalifu huujua mzio huu kwa kuuliza kuliko kwa mashine. Ulianza lini? Huzidi wakati gani, ukifagia au ukitandika kitanda? Je, pua huwasha? Nani katika ukoo ana pumu? Kisha humulika puani, akaona nyama laini za ndani zimevimba na kupauka badala ya kuwa nyekundu. Homa hapana. Mtoto huenda akawa na mkunjo juu ya pua kwa sababu ya kuisugua kwa kiganja. Lakini likitoka kamasi lenye harufu mbaya, tena upande mmoja tu, hapo adhaniwe amejitia punje ya hindi au haragwe. Kiko pia kipimo cha ngozi, ambacho jibu lake huonekana katika dakika 15 hadi 20. Mgonjwa aliyeshindikana Tarime au Mugumu huweza kupewa rufaa kwa madaktari wa pua, masikio na koo wa Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Kutazama majira namna hii si jambo geni. Abu Bakr al-Razi, tabibu mashuhuri aliyefariki yapata mwaka 925, aliandika risala juu ya mafua yaliyokuwa yakimpata Abu Zayd al-Balkhi kila msimu wa waridi. Na mwaka 1873 Charles Blackley wa Manchester, Uingereza, alieleza jinsi alivyojijaribia chavua ya nyasi mwilini mwake mwenyewe.

Ama dawa, antibiotiki hazina kazi hapa. Matone ya kuzibua pua hupendwa kwa kuwa huleta nafuu upesi, lakini yakizidi siku tano hivi pua huziba kuliko mwanzo, na mtu akawa mtumwa wa chupa. Vidonge vya zamani kama Piriton huleta usingizi, navyo havimfai mwanafunzi wala dereva. Setirizini na loratadini ni afadhali. Iliyo bora kwa maradhi ya muda mrefu ni dawa ya kupuliza puani, kama beklometasoni, itumiwayo kila siku. Inamisha kichwa kidogo, elekeza mdomo wa chupa upande wa sikio, usielekeze katikati ya pua, wala usivute kwa nguvu. Huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili, kabla ya kuleta nafuu kamili, na wengi huitupa siku ya tatu wakidai haifai!

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi pia hufaa: nusu kijiko cha chai kwa robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Matandiko yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki, na godoro lianikwe juani.

Ramadhani huleta swali. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba dawa ya puani haiharibu saumu ikiwa mtu hamezi kinachofika kooni. Lakini wanazuoni wengi wa madhehebu ya Shafi huona kinyume. Mgonjwa hana haja ya kuingia katika hitilafu hiyo. Dawa yenyewe ni ya mara moja au mbili kwa siku, basi apulize baada ya futari, na tena wakati wa daku. Aiachaye mwezi mzima huenda siku ya Idi ikamkuta pua imeziba kama zamani.