Picha Safi Si Ushahidi wa Majini

"Daktari, MRI imetoka safi. Basi si kifafa, ni majini?" Nimeshaulizwa hili mara nyingi mno, aghalabu na mzazi ambaye kashamlipa mganga nusu.

MRI ya kawaida inaonyesha maumbile: uvimbe, kovu, mshipa uliopasuka, mabaki ya minyoo ya tegu. Kifafa ni hitilafu ya utendaji, na wagonjwa wengi ubongo wao ukipigwa picha hauna hata doa. Ripoti ikiandika "hakuna kasoro iliyoonekana", imesema hilo tu. Haikusema mtoto ni mzima, na fomu ya radiolojia haina mahali pa kujaza jina la jini.

Utendaji nao una vipimo vyake, wala hatufungui fuvu. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati. Kifafa kikimpanda mtu, sehemu iliyoathirika inanyonya sukari na oksijeni kwa pupa, na laktati inarundikana. Spektroskopia, inayofanywa kwa mashine ileile ya MRI, inaweza kuikuta laktati hiyo saa kadhaa baadaye, hata picha ya maumbile ikiwa safi. PET, inayofuatilia sukari iliyotiwa florini-18, mara nyingi inaonyesha kinyume mgonjwa akiwa ametulia: pale kifafa kinapoanzia, mathalani ndani ya panja, sukari inatumika kidogo kuliko kwingine.

Halafu kuna ule mkono unaolegea baada ya mtu kuanguka, majirani wakasema "amepigwa". Daktari Robert Bentley Todd aliueleza mwaka 1849. Ubongo umechoka, na kwa kawaida nguvu zinarudi zenyewe ndani ya siku moja au mbili. Hapo ndipo mganga anapopatia ulaji: anafika, anafukiza ubani, mkono unarudi, anapewa mbuzi. Ungerudi hata angebaki kwake amelala! Moshi wa kiberiti, kitunguu na kiatu puani vimepata sifa kwa njia hiyohiyo, maana kifafa kingi kinakoma chenyewe kabla ya dakika 3 kwisha.

Je, mwanao anahitaji PET? Karibu hakika hapana. Ni ya wale ambao dawa zimeshindwa na upasuaji unafikiriwa.

Fanya haya. Mrekodi kwa simu anapoanguka. Video hiyo inanisaidia kuliko picha ya bei mbaya. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa: zikipita dakika 5, hospitali. Omba EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, lakini nayo ikitoka safi usirudi kwa mganga. Fenobabitali na kabamazepini ni dawa za zamani na za bei nafuu. Valproeti msichana asianzishiwe kabla hamjazungumza na daktari kuhusu ujauzito. Dawa isikatizwe ghafla, hata akikaa mwaka mzima bila kuanguka. Wa kuipunguza ni daktari, tena kidogo kidogo.