Kutafuta Njia kwa Setilaiti: Simu ya Mkononi au Kifaa cha Gari?

Dereva wa gari, bodaboda au bajaji anayekwenda mahali asipopajua ana mambo mawili ya kumsaidia zaidi ya kuuliza njiani: ramani iliyomo katika simu janja, au kifaa maalumu cha kuongoza njia kinachofungwa ndani ya gari. Kwa dereva, uchaguzi huo unahusu gharama na usumbufu. Kwa mgonjwa anayesubiri gari usiku, unahusu dakika. Makala haya yanaeleza tofauti ya vifaa hivyo na jambo ambalo hakuna hata kimoja kinachoweza kulitenda bila msaada wa mkazi mwenyewe.

Vinavyofanya kazi

Vifaa vyote viwili hutegemea setilaiti. Mfumo unaojulikana zaidi ni GPS ya Marekani, wenye setilaiti zisizopungua 24 zinazoizunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200. Ipo pia mifumo ya GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China, na simu nyingi za sasa hupokea mawimbi ya mfumo zaidi ya mmoja. Kifaa hupima muda ambao mawimbi yametumia kusafiri kutoka angani. Kikipata setilaiti nne au zaidi, hukokotoa mahali kilipo.

Mawimbi hayo hayalipiwi wala hayahitaji intaneti. Kinachohitaji intaneti ni ramani yenyewe, ikiwa haijahifadhiwa ndani ya simu. Ndiyo maana simu iliyo mbali na mnara hujua mahali ilipo, lakini huonyesha kioo kitupu kisicho na barabara. Pasipo mtandao, simu huweza pia kuchelewa kupata mahali kwa mara ya kwanza; hapo dereva husimama mahali pa wazi na kusubiri dakika chache.

Faida na kasoro

Kifaa cha gari huwa na ramani ndani yake, hutumia umeme wa gari, na hakikatizwi na simu inayoingia. Kimetengenezwa kukaa kwenye dashibodi, hivyo huvumilia jua kuliko simu, ambayo ikipata joto kali hupunguza mwanga au hujizima. Vipo vilivyokusudiwa malori, ambavyo dereva huviingizia kimo na uzito wa gari ili vimwepushe na njia zisizofaa. Kasoro zake ni bei, na ulazima wa kuboresha ramani mara kwa mara. Mnunuzi ahakikishe kwanza kwamba ramani ya Tanzania imo na inaonyesha barabara za vijijini, wala si barabara kuu pekee.

Simu, kwa upande wake, tayari imo mfukoni mwa wengi. Ramani zake huboreshwa mara nyingi zaidi, na penye mtandao katika miji mikubwa huonyesha foleni. Google Maps huruhusu kuhifadhi ramani ya eneo kwa matumizi yasiyo na intaneti. Programu za OsmAnd na Organic Maps hufanya vivyo hivyo kwa kutumia OpenStreetMap, ramani huru iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea. Kasoro za simu ni chaji inayokwisha upesi, kioo kidogo, na kishawishi cha kuishika mkononi wakati wa kuendesha.

Kwa wakazi wengi, basi, simu yenye ramani iliyohifadhiwa, kishikizi imara na chaja ya gari inatosha. Kifaa maalumu humfaa zaidi dereva wa lori au anayesafiri masafa marefu mara kwa mara. Kwa vyovyote vile, safari hupangwa kabla gari halijaondoka, na dereva husikiliza maelekezo ya sauti badala ya kutazama kioo.

Ramani isichokijua

Hakuna setilaiti inayojua kwamba kalvati limebebwa na maji usiku wa jana. Wakati wa masika, neno la mwenyeji lina uzito kuliko mstari wa ramani. Barabara ya wilaya iliyokatika iripotiwe kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa ili taarifa ifike TARURA.

Vilevile, kifaa hakiwezi kuifikia nyumba isiyo na anwani. Operesheni ya Anwani za Makazi iliyozinduliwa Februari 2022 iliwezesha nyumba kupewa namba, barabara kupewa majina, na taarifa hizo kuingizwa katika mfumo wa kidijitali wa NaPA. Lakini nyumba mpya hujengwa kila mwaka, na vibao hung'oka. Mkazi ambaye nyumba yake haina namba, au jina la barabara yake limekosewa, anashauriwa kufika ofisi ya Mtendaji ili taarifa irekebishwe.

Kujiandaa kabla ya dharura

Kila kaya iandike mahali panapoonekana: namba ya nyumba, jina la barabara, kitongoji au mtaa, na alama iliyo karibu kama vile shule, msikiti, kanisa au mashine ya kusaga.

Pasipo anwani, namba za mahali husaidia. Katika programu nyingi za ramani, kubonyeza nyumba kwa sekunde chache huonyesha namba mbili, ambazo zaweza kutumwa kwa ujumbe mfupi. Alama ya kutoa iliyo mbele ya namba ya kwanza isiachwe, kwa kuwa Tanzania iko kusini mwa ikweta. Namba za Dodoma ni takriban -6.17 na 35.74, alama hiyo ikiondolewa, dereva ataelekezwa kusini-magharibi mwa Ethiopia.

Namba za dharura ni 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 112 kwa Polisi, na 115 kwa usafiri wa dharura wa m-mama, unaowahudumia wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mpigaji ataje kwanza mahali alipo, kisha tatizo. Na mtu mmoja atoke na tochi hadi njia panda kulisubiri gari.