Jinsi ya Kutengeneza Mfano wa Behewa la Fahari

Watoto wa Issuna, kama watoto wa vijiji vingi vya Singida, hujua kuunda magari kwa mabua. Mavuno ya mtama na uwele yakiisha, mabua makavu hukatwa na kupasuliwa, huunganishwa kwa vijiti, na kabla ya jua kuchwa lori zima hukokotwa njiani kwa kamba. Kazi hiyo ni njema, wala mtu asiidharau. Lakini lori la mabua halikupimwa. Pengine gurudumu lake ni kubwa kuliko mlango, na kiti cha dereva hakitoshi hata mguu wake. Hicho ni kitu cha kuchezea.

Leo tutasoma habari za kitu kingine, nacho ni mfano wa kweli. Yaani kitu kidogo ambacho kila sehemu yake imepunguzwa kwa kiasi kimoja, hata mtu akikitazama aweza kukijua kile kikubwa kilivyo. Mfano wetu utakuwa behewa la gari la moshi, tena behewa la fahari. Issuna iko kati ya Manyoni na Singida, nayo reli itokayo Manyoni si jambo geni kwa watu wa upande huo.

1. Behewa la fahari ni nini?

Ni behewa lililotengenezwa ili msafiri apate raha safarini kama nyumbani kwake. Huko Marekani, George Pullman alijipatia sifa katika miaka ya 1860 kwa mabehewa yake ya kulala. Katika Ulaya, Mbelgiji Georges Nagelmackers alifuata njia hiyo, na mwaka 1883 kampuni yake ilianzisha gari la Orient Express, lililotoka Paris kwenda upande wa Constantinople. Ndani ya mabehewa hayo mlikuwa na vitanda safi, kuta za mbao zilizong'arishwa, taa nzuri na meza za chakula.

Katika Afrika ya Mashariki ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na wakubwa wa kazi walisafiri katika mabehewa yao wenyewe yenye vitanda. Moja la mabehewa hayo lina habari ya kuogofya. Mwezi wa Juni mwaka 1900, mkuu wa polisi Charles Ryall alilala ndani yake katika stesheni ya Kima, kati ya Mombasa na Nairobi, pamoja na wageni wawili, Huebner na Parenti. Walikuwa wakimvizia simba mla watu. Ryall alikuwa katika zamu, lakini usingizi ulimshinda.

Mhandisi J. H. Patterson aliiandika habari hiyo katika kitabu chake. Alieleza kwamba behewa lilisimama juu ya njia ya pembeni isiyokwisha kujengwa, nalo halikukaa sawasawa. Tena mlango wake haukuwa wa bawaba, bali wa kuteleza. Simba alipoingia, uzito wake ulilielemea behewa upande mmoja. Mlango ukateleza, ukajifunga. Simba akamwua Ryall, akatoka naye kwa kuvunja dirisha. Behewa hilo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971.

Angalieni jambo hili vizuri. Mtu asiyejua kwamba mlango ule ulikuwa wa kuteleza hawezi kufahamu jinsi simba na watu walivyofungiwa pamoja. Ndiyo sababu mtengeneza mfano huuliza kwanza: mlango hufunguka namna gani? Dirisha ni kubwa kiasi gani? Sakafu iko juu kiasi gani kutoka relini? Asipouliza hayo, atatengeneza sanduku lenye magurudumu, wala si behewa.

2. Kipimo kimoja kwa vitu vyote

Sasa tuchague kipimo. Sisi tutatumia kipimo cha 1 kwa 20, maana yake kila sentimeta 20 za behewa kubwa huwa sentimeta 1 katika mfano. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimeta 1000 kati ya chuma na chuma. Na tawi la Singida ni la upana huo huo. Tukigawanya kwa 20 twapata milimeta 50 kamili.

Kwa somo letu, tuseme behewa letu lina vipimo hivi:

Urefu wa sakafu: meta 18, katika mfano sentimeta 90.
Upana: meta 2.8, katika mfano sentimeta 14.
Kutoka relini hadi juu ya sakafu: meta 1.1, katika mfano sentimeta 5.5.
Urefu wa ukuta kwenda juu: meta 2.1, katika mfano sentimeta 10.5.
Kimo cha paa juu ya ukuta: sentimeta 40, katika mfano sentimeta 2.
Upana wa gurudumu: sentimeta 80, katika mfano sentimeta 4.
Urefu wa kitanda: meta 1.9, katika mfano sentimeta 9.5.

Pengine mmoja wenu atasema, "Milimeta mbili au tatu si kitu." Basi na asikilize. Reli ya TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970 kati ya Dar es Salaam na Zambia, ina upana wa milimeta 1067, sawa na reli za Afrika Kusini. Kwa hiyo gari la fahari liitwalo Rovos Rail, ambalo mabehewa yake yamepambwa kwa mbao, liliweza kutoka Afrika Kusini na kufika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza mwaka 1993. Lakini magurudumu yake hayawezi kwenda Dodoma, Manyoni wala Singida kwa reli ya zamani, kwa kuwa reli hiyo ni nyembamba kwa milimeta 67. Gawanyeni 67 kwa 20, nanyi mtapata milimeta 3 na kidogo. Tazameni basi! Mkikosea milimeta tatu tu, behewa lenu si la Reli ya Kati tena. Limekuwa la TAZARA. Na reli mpya ambayo magari yake ya umeme yalianza kuchukua abiria mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma ina milimeta 1435, nayo katika mfano wetu ingekuwa karibu milimeta 72.

3. Mbao na vyombo

Mafundi wa zamani walipenda msaji kwa mabehewa, kwa sababu hauharibiki upesi kwa mvua na jua. Sisi tunao mninga, mti wa misitu yetu, wenye rangi nzuri ya hudhurungi na usiopindika sana ukikauka. Tutatumia msonobari kwa sakafu, plaiwudi ya milimeta 3 kwa kuta, na vipande vyembamba vya mninga kwa mapambo ya ndani.

Lakini jihadharini: mti hukubali kukatwa mdogo, ila mistari yake haipungui. Mistari mipana ya ubao, ikiwekwa ndani ya chumba kidogo, huonekana kama mawimbi ya ziwa. Kwa hiyo chagueni vipande vyenye mistari myembamba na iliyonyoka.

Vyombo vyetu ni rula, penseli iliyochongwa vizuri, skwea ya kupimia pembe, msumeno wenye meno madogo, kisu kikali, tupa, keekee, msasa na gundi ya mbao. Atumiaye kisu na akate kuelekea mbali na vidole vyake.

4. Kazi yenyewe

Kwanza, kuchora. Chukueni karatasi kubwa, mchore behewa mara tatu: likitazamwa ubavuni, likitazamwa mbele, na likitazamwa kutoka juu bila paa. Msikate ubao wo wote kabla ya michoro mitatu kupatana. Kosa la penseli hufutwa kwa mpira. Kosa la msumeno halifutwi.

Pili, sakafu. Kateni ubao wa sentimeta 90 kwa 14. Pimeni pembe zote nne kwa skwea, kisha pimeni kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari. Mishazari miwili ikiwa sawa, sakafu imenyoka. Hapa ndipo msingi wa kazi yote ulipo, kama ilivyo katika nyumba.

Tatu, kuta. Madirisha hukatwa kuta zikiwa bado zimelala mezani. Toboeni kwanza tundu kwa keekee ndani ya alama, ndipo mpitishe kisu au msumeno mwembamba, mkiacha kidogo cha kumalizia kwa tupa. Plastiki angavu yafaa kuwa kioo.

Nne, vyumba. Tutaweka vyumba saba, kila kimoja sentimeta 10, jumla sentimeta 70. Sentimeta 20 zilizobaki tutazigawanya kwa miisho miwili, kwa milango na vyoo. Upana wa sentimeta 14, tukitoa unene wa kuta mbili, hubaki sentimeta 13.4. Ushoroba wa kupita watu huchukua 3.5, ukuta wa vyumba 0.3, na sehemu ya chumba hubaki 9.6. Kitanda chetu ni sentimeta 9.5, basi kinaingia, tena kwa shida! Sasa mwajua kwa nini katika mabehewa mengi ushoroba ni mwembamba. Kila chumba kina vitanda viwili: cha juu hukunjwa ukutani mchana, na cha chini huwa kiti.

Tano, paa. Kateni mbavu za mbao zenye mgongo wa upinde, kisha bandikeni juu yake vipande vyembamba kimoja kimoja. Paa lisigundishwe na kuta, bali liweze kuondolewa, watu wapate kuona ndani.

Sita, magurudumu. Behewa refu halikai juu ya magurudumu yaliyofungwa moja kwa moja sakafuni, kwa maana lisingeweza kupita kwenye pindo la reli. Hukaa juu ya vigari viwili viitwavyo bogi, kimoja kila mwisho, na kila bogi huzunguka juu ya msumari mkubwa wa katikati. Kila gurudumu lina ukingo upande wa ndani, unaolizuia lisitoke relini.

Mwisho, rangi. Futeni vumbi lote, pakeni vanishi nyembamba, iache ikauke, pigeni msasa laini, ndipo mpake tena. Tabaka tatu nyembamba hushinda tabaka moja nene, maana vanishi nene hujaza pembe ndogo na kuficha kazi ya mikono.

5. Faida ya kazi hii

Mwaweza kuuliza, "Taabu hii yote ni ya nini, na behewa lenyewe halimchukui mtu?" Jibu li karibu nasi. Katika miaka ya 1930 ilijengwa reli kutoka Manyoni hadi Kinyangiri, kupita katika nchi ya Singida. Katika miaka ya 1940 ilifungwa, na vyuma vyake vikang'olewa. Miaka mingi ilipita kabla reli nyingine kufika Singida. Basi kitu kikubwa cha chuma, kilichochimbiwa ardhini kwa jasho la watu wengi, chaweza kutoweka. Mabehewa ya mbao hutoweka upesi zaidi, kwa moto, kwa mchwa na kwa mvua. Likiondoka behewa, na likiwapo limepimwa na kufanyiwa mfano wa kweli, mtu wa baadaye aweza kujua mlango wake ulifungukaje, kitanda chake kilikuwa na urefu gani, na msafiri alipita wapi. Mfano wenye vipimo vya kubahatisha utamdanganya, naye hatakuwa na njia ya kujua kwamba amedanganywa.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi, anzeni na kitu kilicho karibu: kiti cha darasani, mlango, au mkokoteni wa ng'ombe. Pimeni, choreni, gawanyeni kwa 20, ndipo mkate.

MASWALI

1. Lori la mabua na mfano wa kweli hutofautiana kwa jambo gani?
2. Kwa nini mlango wa behewa la Kima ulijifunga?
3. Kwa nini Rovos Rail laweza kufika Dar es Salaam, lakini haliwezi kwenda Manyoni kwa reli ya zamani?
4. Mtu mwenye kimo cha sentimeta 160 angekuwa na kimo gani katika mfano wetu?
5. Mfano wetu umepunguzwa mara 20 kwa urefu, mara 20 kwa upana na mara 20 kwa kimo, yaani mara 8,000 kwa jumla. Behewa la tani 32 lingekuwa na uzito gani, kama mfano ungetengenezwa kwa vitu vile vile?
6. Pima dawati lako, ulichore mara tatu kwa kipimo cha 1 kwa 20.