Siki Inataka Sikio

Mara ya kwanza nilipomwona nilidhani anasali. Mtu mzima, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, ameinamia boneti ya shangingi jeusi, sikio la kushoto limebakiza shibiri moja kugusa bati. Mkononi alikuwa na kichupa kilichowahi kuwa cha dawa ya macho. Akadondosha tone moja. Akatulia. Vijana wawili waliokuwa wakipiga soga kando ya simtanki wakanyamaza bila kuambiwa.

"Limejibu," akasema, kisha akahamia doa jingine.

Nilikuwa Dodoma kwa habari isiyohusiana kabisa na magari. Pale nilikaa tu, nikisubiri tairi letu lizibwe pancha. Habari niliyoifuata niliiandika na ikatoka, nami nikaisahau. Lile sikio sikulisahau. Mtu anasikiliza nini kwenye boneti? Wiki tatu baadaye nikapanda basi kurudi.

Jina lake halimo humu. "Likikaa gazetini, kesho nina wageni wanaodai vibali," aliniambia, na sikubishana naye. Pale kando ya barabara kila mtu anamwita Fundi. Mimi aliniita dada, ingawa nadhani tumepishana miaka michache tu.

"Siki inataka sikio, dada," alisema. "Doa la maji ukilitonea siki, likichemka kidogo, kama soda iliyobaki kwenye glasi, hiyo ni chokaa. Itatoka. Likikaa kimya, hapo nina kazi nyingine."

Akanipa kichupa. Niliinama kama alivyoinama. Mwanzoni nilisikia malori ya Singida tu. Kisha, ndani ya tone, nikaona viputo vidogo kuliko vichwa vya sindano vikipanda kutoka ukingoni, na chini yake kitu kama mchanga unaomwagwa mbali sana. Sina hakika kama nilisikia au nilitaka kusikia. Nilipomuuliza yeye, alicheka: "Mara nyingi jicho ndilo linaona. Sikio linamfanya mtu atulie. Asiyetulia anasugua, na anayesugua anaharibu."

Mkazi wa Dodoma hahitaji kuhadithiwa maji ya ardhini. Anayajua kwa sabuni inayogoma kutoa povu na kwa birika lenye ganda jeupe ndani. Maji ya visima vya Makutupora, kaskazini mwa jiji, yamewanywesha watu hapa kwa miaka mingi, na kila mgeni huambiwa ana bahati mbaya: maji yana chumvi. Fundi halipendi neno hilo.

"Chumvi ya mboga ukiimwagia maji inaondoka. Sasa gari mtu analiosha kwa maji hayohayo kila siku na madoa yanaongezeka. Chumvi gani hiyo?"

Yuko sahihi. Mvua inapopenya udongo hubeba hewa ya ukaa, ikawa na uchachu kidogo, na huo uchachu huyeyusha kalsiamu na magnesiamu kwenye miamba. Huko chini vinasafiri ndani ya maji bila kuonekana. Tone likitua kwenye boneti yenye joto, maji yanapaa, hewa ya ukaa inatoroka, na madini yanabaki yamegeuka mawe. Ni kabonati ya kalsiamu, ileile iliyomo kwenye matumbawe ambayo wazee wa pwani waliyachoma kupata chokaa ya kujengea kuta za Kilwa. Dereva anayelalamika kuwa gari lake limechafuka, kwa kweli limeanza kujengewa.

Siki inafanya kinyume chake. Asidi yake inaivunja ile kabonati, hewa ya ukaa inatoka tena, na hivyo ndivyo viputo nilivyoviona. Hewa iliyonaswa ardhini, sijui tangu lini, ikaachiwa kwenye boneti ya gari la ofisi mbele ya macho yangu.

Lakini kilichonirudisha pale siku ya pili, na ya tatu, ni duara.

Doa la maji likitazamwa kwa karibu si doa. Ni pete. Fundi alinisogeza upande ambao jua lilikuwa limelala, akaniambia nipige goti, macho yawe sawa na bati. Boneti nzima ikageuka anga. Mamia ya pete, nyingine kubwa kama sarafu, nyingine kama punje ya ulezi, nyingine mbili zimeungana zikafanana na miwani. Kila moja ukingo wake mweupe umekolea na katikati umefifia, karibu hamna kitu. Palipokuwa na mteremko, pete zilikuwa zimevutika zikawa na umbo la mbegu ya ubuyu, na ncha ya chini ndiyo nyeupe kuliko zote.

"Mimi niliuliza miaka," alisema Fundi. "Maji yalikuwa mengi katikati, chokaa imekwendaje pembeni? Siku moja nikakaa, nikalitazama tone moja mpaka likafa. Kumbe halinywei kama unavyodhani. Ukingo unang'ang'ania palepale, hausogei. Kule pembeni ni pembamba, panakauka upesi. Basi maji ya katikati yanakimbilia pembeni kuziba, na kila yanapokwenda yanabeba mzigo wake. Yakifika, yanapaa. Mzigo unabaki."

Nilimwambia kwamba mwaka 1997 Robert Deegan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha kwenye jarida la Nature maelezo ya jambo hilohilo. Wao walianzia kwenye kahawa: kwa nini tone la kahawa likikauka mezani huacha duara badala ya bapa. Jibu lao ni lake: ukingo umeshikwa, unakauka haraka, na mkondo wa ndani unasukuma kila kitu nje. Fundi alisikiliza hadi mwisho huku akifuta vidole.

"Na wao walilitazama mpaka likafa?" akauliza.

Nikasema nadhani walikuwa na darubini.

"Basi waliona vizuri kuliko mimi," akasema, na kwa uso wake nadhani alifurahi.

Pete hizo zina wakati wake. Changa ikishikwa mapema inatoka kwa maji na taulo. Ikikaa siku chache inataka siki. Ikiachwa juani wiki kwa wiki, ikiloweshwa na umande asubuhi na kuchomwa mchana, inaanza kuila rangi. Juu ya rangi ya gari la siku hizi kuna ngozi angavu ambayo mafundi wa kupuliza rangi wanaiita klia. Ndiyo inayong'aa, ndiyo inayolinda, na kwa kawaida ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Fundi hana kipimo cha kuipima. Ana nailoni ya mkate.

Zamani, anasema, alitumia rambo, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019, sasa anahifadhi karatasi za nailoni zinazofungiwa mikate. Anaivaa kwenye vidole viwili kama glavu, kisha anavitembeza juu ya bati lililooshwa, polepole. Nailoni inakuza mguso: punje ambayo kidole kitupu hakiioni, yenyewe inaisikia. Alinivalisha. Palipo safi vidole viliteleza. Juu ya pete kulikuwa na mkwaruzo mdogo, kama ulimi wa paka. Mahali pengine palipoonekana pana pete vilevile, hakukuwa na mkwaruzo wowote. Ukucha ndio ulioona kibonde.

"Ndiyo mtihani wenyewe huo," akasema. "Kilima au shimo? Kilima naweza kukishusha. Shimo halijazwi. Shimo unaliondoa kwa kushusha mlima wote unaolizunguka, na huo mlima ndiyo klia yako."

Kwa kilima kazi yake ni fupi. Gari linaingizwa kivulini na kuachwa lipoe. Bati likiwa la moto siki inakauka kabla haijafanya kazi, nayo itaacha doa lake. Vumbi linaoshwa kwanza kwa maji mengi na sabuni, maana vumbi la Dodoma chini ya kitambaa ni msasa. Siki nyeupe inachanganywa nusu kwa nusu na maji, inajaribiwa mahali pa siri chini ya mlango, kisha kitambaa laini kilicholowa kinalazwa juu ya pete kama kitambaa cha homa. Dakika moja, mbili. Hakisuguliwi. Kinanyanyuliwa, panasuuzwa, panaoshwa tena kwa sabuni, panakaushwa kwa taulo. Kama pete bado ipo, anarudia. Mara ya tatu anachukua kipande cha udongo laini unaouzwa kwa kazi hiyo, anakitelezesha juu ya maji ya sabuni. Polishi ni ya mwisho, na kila mara anapoishika mashine yake ananuna.

Nilimuuliza kuhusu ndimu. "Ndimu inafanya, ukwaju unafanya. Mama yangu sufuria za shaba alizing'arisha kwa ukwaju. Lakini ndimu ina sukari na nyama zake, unaongeza uchafu juu ya uchafu. Siki inaondoka yote." Nilimuuliza kuhusu ile asidi kali ya kusafishia vyoo na vigae, ambayo nilisikia wengine wanaitumia. Hakujibu haraka. Alikwenda kwenye kabati, akaleta nembo ya gari iliyokuwa na rangi ya fedha. Nusu yake ilikuwa imebabuka, imekuwa ya kijivu kama jino bovu.

"Dakika moja," akasema. "Doa lilitoka, siwezi kudanganya. Lilitoka pamoja na hii."

Shida ni kwamba maji ya kusuuzia ni yaleyale yaliyoleta doa. Hapo nikaelewa simtanki. Limeunganishwa na bati la kibanda; linakusanya mvua. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, yakikauka hayaachi ukuta. Shangingi zima linaoshwa kwa maji ya bomba, ila ndoo ya mwisho inatoka simtanki, nayo inamwagwa taratibu kutoka juu, bila presha, hadi maji yateremke kama shuka. Lakini Dodoma mvua ni za msimu mmoja. Zikiisha mwezi wa nne, simtanki linafika wapi?

"Likijaa vizuri, mwezi wa saba. Baada ya hapo nanunua maji ya betri."

Maji ya betri, yale yaliyochujwa kwa mvuke ambayo dereva huongeza kwenye betri. Anayanunua kwa fedha yake, kwa ajili ya ndoo ya mwisho ya gari la mtu asiyejua kuwa kuna ndoo ya mwisho. Mmoja wa vijana alinong'ona kwamba safari moja alitumwa dukani akauziwa tindikali ya betri, kwa kuwa muuzaji aliona ni jambo moja. Fundi aliifungua, akainusa, akairudisha mwenyewe kwa miguu. Nilimuuliza kwa nini haweki gharama hiyo kwenye bei. Alisema ameshajaribu. Mteja haoni kitu ambacho hakipo. Hawezi kulipia doa ambalo halikutokea.

Siku yangu ya mwisho ililetwa gari dogo jeusi, na dereva kijana mwenye jasho kuliko joto la siku ile. Kwa siku tatu bosi wake alikuwa mkutanoni kwenye hoteli moja, naye gari aliliegesha jirani na bustani. Kila alfajiri vinyunyizio vilizungushwa kwenye nyasi. Kila mchana jua likafanya kazi yake. Upande wote wa kulia ulikuwa na ukurutu.

"Kaka, nisaidie. Akiliona hivi nimekwisha."

Fundi alifanya kazi saa mbili na nusu. Sikio, kitambaa, nailoni, kitambaa. Milango ilirudi kuwa kioo. Nilimwona dereva akijitazama humo, akatengeneza kola. Kwenye boneti zilibaki pete tano. Tone la siki likakaa kimya juu yake. Ukucha ukazama.

"Piga polishi," dereva akasema.

"Limeshapigwa polishi sana huko lilikotoka. Ukingo huu naona klia imekwisha."

"Umepima?"

"Sijapima. Sina cha kupimia. Ndiyo maana naacha."

Kijana alitaja bei mara mbili ya ile waliyopatana. Vijana wa simtanki wakatazama chini. Fundi aliikunja taulo yake mara nne, akaiweka begani, akasema hapana kwa sauti ambayo angeitumia kumkatalia mtoto wake kitu kizuri.

Nilijua, na dereva alijua, kuwa mita mia mbili mbele kuna mtu mwenye mashine na msasa ambaye hatasikiliza chochote. Boneti ingeng'aa leo. Mwaka kesho ingekuwa na weupe wa jicho lenye mtoto, na hakuna atakayekumbuka ilianzia wapi. Fundi angeweza kuzichukua hizo fedha. Nilipomuuliza baadaye kama hazikumuuma, alinitazama muda mrefu akasema simtanki linavuja.

Dereva aliwasha gari, akateremsha kioo.

"Sasa bosi nimwambieje?"

Fundi alikuwa ameshainamia boneti ya gari lingine, kichupa mkononi. Alinyanyua kidole kumzuia asiseme, maana tone lilikuwa limetua. Kijana akasubiri. Mimi pia. Gari lilipoondoka lilielekea upande wa mjini, ambako pia ndiko aliko mtu wa msasa.