Lami kwa lori, vumbi kwa mwenye baiskeli

Mjini Shinyanga daladala ni baiskeli. Nyuma yake kuna keria iliyovalishwa kiti cha sponji. Abiria anakaa hapo na kapu lake la sokoni, dereva anasimamia pedali, na safari ya Ngokolo au Ndala inaanza kwa nguvu za miguu. Kahama zipo, Geita nako zipo, ingawa bodaboda na bajaji zimezinyang'anya abiria wengi. Kwa mama anayerudi na debe la mahindi na mwenye shilingi za kuhesabu, bado ndizo gari lake.

Simama kandokando ya barabara kuu ya mji wowote kati ya hiyo saa moja asubuhi uhesabu wanaopita. Wanafunzi wanakwenda kwa miguu, akina mama ntilie wamejitwisha masufuria, vijana wanawahi machimboni watatu watatu juu ya pikipiki moja, wazee wanakokota baiskeli zilizobeba mkaa. Magari madogo ni machache. Kisha itazame barabara yenyewe. Katikati ni lami safi, pembeni ni ukanda wa vumbi unaogombewa na watembea kwa miguu, wenye baiskeli, wachuuzi, bodaboda wanaosubiri abiria na malori yaliyoegeshwa. Wengi wamebanwa kwenye sehemu finyu, na sehemu pana wameachiwa wachache.

Mpangilio huo ni suala la afya kabla ya kuwa suala la uhandisi. Unaamua nani atafika salama, nani atalala wodi ya mifupa na nani ataiona hospitali akiwa amechelewa.

Miji inayokua kuliko mipango yake

Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Geita, uliokuwa umeundwa mwaka huohuo, ukiwa na watu milioni 1.74. Sensa ya 2022 ikahesabu karibu milioni 2.98. Ni ongezeko la wastani wa asilimia 5.4 kwa mwaka, na kwa mwendo huo idadi ya watu huongezeka maradufu kila baada ya miaka 13 hivi. Shinyanga nayo ilipanda kutoka milioni 1.53 hadi milioni 2.24 katika muda huo. Kahama, iliyopandishwa hadhi kuwa manispaa mwaka 2021, ina wakazi zaidi ya 450,000, zaidi ya mara mbili ya Manispaa ya Shinyanga yenye makao makuu ya mkoa.

Kinachowavuta watu kinajulikana. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata muda mfupi baadaye, na Buzwagi ulianza mwaka 2009 kilomita chache tu kutoka Kahama. Pembezoni mwa migodi mikubwa kuna maelfu ya wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na Kakola. Dhahabu ikisikika mahali leo, kesho yake kuna maduara ya kuchimbia, keshokutwa kuna makarasha ya kusagia mawe, na mwezi haujaisha kuna mji. Katoro, katika barabara ya Geita kwenda Chato, ni mfano mzuri: ulianza kama kituo cha biashara njiani, leo ni mji mdogo wenye shughuli za mji mkubwa.

Miji ya namna hii hujengwa kuifuata barabara. Duka linafunguliwa pale gari linaposimama, nyumba inajengwa nyuma ya duka, karasha linasimikwa karibu na nyumba. Mpimaji ardhi akija anakuta watu wameshahamia. Ndiyo maana vumbi la mawe yanayosagwa linaingia vyumbani kwa watu, zebaki inachomwa jirani na jiko, na mtoto anayekwenda shule inambidi akatize barabara kuu.

Barabara kuu katikati ya mji

Barabara inayopita Kahama inabeba mizigo ya nchi kadhaa. Kutoka bandari ya Dar es Salaam malori hupanda hadi Nzega, hupita Isaka yenye bandari kavu, kisha huchukua njia ya Kahama na Ushirombo kuelekea Rwanda na Burundi, na mengine hufika hadi mashariki mwa Congo. Ni uchumi, hakuna anayetaka kuufunga. Lakini lori la tani 30 lililotoka mpakani Rusumo na dereva wa baiskeli aliyempakia mama wa miaka 60 wanatumia uso mmoja wa lami, na kinachowatenganisha ni busara ya dereva.

Wakazi wa Kahama hawajasahau Agosti 2022, pale ajali ya usiku katika kijiji cha Mwakata ilipohusisha lori, trekta, gari dogo na Hiace ya abiria, ikaua takribani watu 20. Salamu za pole zilitumwa, majeneza yakapangwa, na msibani likasemwa lile tunalosema siku zote, kwamba ajali haina kinga.

Lakini kinga ipo, na sayansi yake ni ya wazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Shirika hilo linasema mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takribani asilimia 4. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Mawaziri waliokutana Stockholm mwaka 2020 walikwenda mbali zaidi, wakapendekeza kilomita 30 pale watu na magari wanapochanganyika. Kibao peke yake hakipunguzi mwendo. Kinachopunguza ni tuta lililojengwa vizuri, kivuko kilichoinuliwa, barabara iliyofinywa kidogo mbele ya shule na taa inayowaka usiku.

Umbali nao huumiza

Madhara ya barabara mbaya hayaishii kwenye ajali. Wapo wanaoumizwa na umbali.

Mwaka 2010, utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu uliiweka Shinyanga kileleni kwa ndoa za utotoni: wanawake 59 kati ya 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Sababu ni nyingi, zikiwamo mahari ya ng'ombe na umaskini, lakini kila mwalimu wa sekondari ya kata atakutajia pia safari ya kwenda shule. Msichana anayetembea kilomita saba asubuhi na saba jioni hukutana na mtu mwenye pikipiki anayempa lifti, na lifti hiyo ina bei yake. Bweni limesaidia penye bweni. Pasipo bweni, njia salama au baiskeli yake mwenyewe ni ulinzi sawa na sheria yoyote.

Mwanamke mzima naye hasafiri kama mwanamume. Mume hutoka nyumbani hadi kazini na kurudi, safari moja iliyonyooka. Mke hupita kisimani au kwenye kioski cha maji, kliniki, sokoni na mashine ya kusaga, mara nyingi na mtoto mgongoni. Mipango ya usafiri inayohesabu magari tu humfuta kabisa, kwa sababu miguu haina namba ya usajili.

Shinyanga ilishaonyesha njia

Kuna jambo moja ambalo Kanda ya Ziwa imelifundisha taifa zima. Wataalamu wa afya ya uzazi husema mama hufa kwa kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akifika. Aina ya pili ni usafiri mtupu.

Mfumo wa M-Mama ulibuniwa kuikabili. Ulijaribiwa kwanza katika maeneo ya Shinyanga na Sengerema kabla ya Rais Samia Suluhu Hassan kuuzindua kitaifa Aprili 2022. Ndugu au mhudumu wa zahanati anapiga 115 bila malipo. Mtaalamu kwenye kituo cha simu anauliza dalili, anaamua hospitali inayofaa, na gari la wagonjwa lisipokuwepo karibu anamwita dereva jamii, yaani mwananchi mwenye gari lake aliyesajiliwa na kupewa mafunzo. Mama akifikishwa, malipo ya dereva yanaingia kwenye simu. Familia haitoi hata senti.

Vifo vya uzazi nchini vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika utafiti wa 2022. Sifa hiyo ni ya vituo vya afya vilivyojengwa, wakunga walioajiriwa, damu salama na mengineyo. Lakini M-Mama ilithibitisha hoja ambayo wahandisi na madaktari walikuwa hawajaijadili kwenye meza moja: gari linalofika kwa wakati ni tiba kama ilivyo dripu.

Daraja la Kigongo–Busisi linasema hilohilo kwa zege. Lina urefu wa takribani kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria na lilizinduliwa Juni 19, 2025. Kabla yake, mgonjwa aliyepewa rufaa kutoka Geita au Sengerema kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, alisubiri kivuko kama gunia la samaki wakavu linavyosubiri. Sasa anavuka kwa dakika chache. Zaidi ya hapo, daraja lina njia ya watembea kwa miguu pande zote mbili. Kama taifa limeweza kumtengea mtu wa miguu nafasi juu ya maji, tunashindwaje kumtengea nafasi hiyo Nyankumbu ya Geita au Majengo ya Kahama, kwenye nchi kavu?

Nani mwenye barabara?

Jibu la kiofisi lina kona nyingi. Barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara za mitaa tangu Julai 2017 ni za TARURA. Mchuuzi na bodaboda ni wa halmashauri, mwendo ni wa polisi, na leseni ya usafirishaji ni ya LATRA. Hifadhi ya barabara kuu ni meta 30 kila upande, na wengi wanaifahamu kwa alama ya X iliyopakwa kwenye ukuta wa nyumba. Ndani ya meta hizo kuna nafasi ya kutosha kwa njia ya miguu, njia ya baiskeli na mstari wa miti. Halmashauri haiwezi kujijengea humo peke yake, na mwenye barabara anahesabu mafanikio yake kwa kilomita za lami. Mtembea kwa miguu anabaki hana wizara.

Fedha si kisingizio cha kwanza katika ukanda huu. Kampuni za madini hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaotokana na mapato ghafi, na tangu Sheria ya Madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, mwenye mgodi anatakiwa kila mwaka kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wa kuihudumia jamii. Geita na Kahama zimo pia katika mradi wa TACTIC wa kuendeleza miji, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Fedha hizo zimejenga madarasa, vituo vya afya na masoko, na hiyo ni heri. Ni haki kuuliza kwa nini njia ya miguu kutoka mtaani hadi darasani ni nadra kuwemo kwenye orodha.

Mfano wa bei nafuu upo hapahapa nchini. Dar es Salaam, shirika la Amend lilichunguza shule ambazo wanafunzi wake walikuwa wakigongwa, likajenga njia za miguu, matuta na vivuko, na mahali pengine likahamisha tu geti la shule ili lisitazame barabara kuu. Utafiti uliofuata ulionyesha majeraha yamepungua kwa takribani robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ilishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Geti kulihamisha hakuhitaji mkopo.

Kivuli nacho ni miundombinu. Anayetembea Shinyanga saa nane mchana mwezi wa Oktoba anajua jua lile si la mchezo. Mkoa huu uliwahi kuitwa jangwa la Tanzania, na kupitia mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 wananchi waliurudishia uoto kwa mfumo wao wa kale wa ngitili, yaani kutenga malisho yapumzike, hadi wakapata tuzo ya kimataifa mwaka 2002. Watu waliorudisha msitu kwenye mbuga hawawezi kushindwa na mstari wa mwarobaini kando ya barabara.

Nafasi ya kuanza vizuri ipo Buzwagi. Mgodi ulisitisha uzalishaji mwaka 2021 na eneo lake limepangiwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Viwanda vikija, maelfu watatoka Kahama kila alfajiri kwenda huko, wengi kwa baiskeli. Njia yao ichorwe leo, kabla viwanda havijajaa, kwa sababu kesho itahitaji fidia na bomoabomoa.

Barabara za ukanda wa dhahabu zipimwe upya. Kilomita za lami zibaki kuwa kipimo, lakini pembeni yake ziandikwe takwimu nyingine: wanafunzi wangapi wanafika shule bila kukatiza malori, wajawazito wangapi wanafika hospitali ndani ya saa moja, wenye baiskeli wangapi wamegongwa mwaka huu na wapi. Diwani wako akija kueleza bajeti kwenye mkutano wa mtaa, usimuulize tu lami inaanza lini. Muulize mwenye baiskeli atapita wapi, na usikubali jibu kwamba atapita pembeni.