Kibarua cha kulinda ombwe ndani ya vioo vya kuzuia joto

KILA nyumba iliyo na chupa ya chai inamiliki chombo kinachotegemea ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa. Chai iliyochemshwa alfajiri hubaki moto hadi adhuhuri kwa sababu kati ya kuta mbili za kioo kilicho ndani ya chupa hiyo hamna kitu cha kulibeba joto hadi nje.

Kanuni iyo hiyo hutumiwa katika madirisha, hasa katika mataifa yenye majira ya baridi kali kama vile Japani na yale ya Ulaya. Vioo viwili huwekwa sambamba, kingo zake zikazibwa, kisha hewa iliyo katikati ikafyonzwa.

Hata hivyo, kuifyonza hewa ni nusu tu ya kazi. Kibarua hasa ni kuizuia isirudi kwa miaka na mikaka.

Mwanasayansi wa Uskoti, James Dewar, aliunda chupa ya ombwe jijini London mnamo 1892, alipokuwa akitafuta njia ya kuhifadhi gesi zilizogeuzwa kuwa kiowevu kwa baridi kali. Mnamo 1913, Mjerumani aliyeitwa Zoller aliomba kusajiliwa kwa wazo la kioo bapa chenye ombwe.

Wazo hilo lilikaa miaka 76 kabla ya kufaulu. Ni mnamo 1989 ambapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, wakiongozwa na Richard Collins, walitengeneza kioo cha aina hiyo kilichofanya kazi. Kampuni ya Nippon Sheet Glass ya Japani ilianza kukiuza mwishoni mwa miaka ya tisini.

Kilichokawiza mambo ni umbo. Chupa ni ya mviringo, na mviringo hustahimili msukumo wa hewa ya nje. Kioo bapa hakina uwezo huo. Mjini Mombasa, hewa hulemea kila mita moja mraba kwa uzito wa takriban tani 10. Jijini Nairobi, kwenye mwinuko, uzito huo ni zaidi kidogo ya tani nane. Bila tegemeo, vioo viwili visivyo na hewa katikati vingebonyea hadi vigusane au vivunjike.

Suluhisho lilikuwa kupanga nguzo ndogo mno kati ya vioo hivyo. Kwa kawaida kila nguzo ina upana wa nusu milimita, na huachana na mwenzake kwa takriban milimita 20. Nafasi yenyewe kati ya vioo ni milimita 0.2 pekee. Nguzo zikiwa nyingi kupita kiasi, joto hupenya kupitia kwazo. Zikiwa chache, kioo hupasuka.

Ombwe hafifu halifai

Mtu anaweza kudhani kwamba kuondoa nusu ya hewa kutapunguza joto linalopita kwa nusu. Sivyo. Katika nafasi nyembamba kama hiyo, hewa huendelea kupitisha joto karibu kama kawaida hata ikipunguzwa kwa kiasi kikubwa. Manufaa huja pale chembechembe za hewa zinapokuwa adimu kiasi kwamba hazigongani zenyewe kwa zenyewe zikivuka kutoka kioo kimoja hadi kingine.

Ili kufikia kiwango kinachofaa, shinikizo la hewa iliyosalia ndani sharti lishuke hadi takriban sehemu moja kwa milioni ya lile la nje.

Kioo cha mita moja mraba chenye nafasi ya milimita 0.2 kina ujazo wa mililita 200, ambao ni pungufu ya kikombe cha chai. Sehemu moja kwa milioni ya ujazo huo ni kiputo kisichozidi chembe ya sukari. Hewa kiasi hicho ikipenya, kioo huanza kupoteza sifa yake.

Ndiyo maana gundi na mipira inayotumika kuziba kingo za madirisha ya kawaida ya vioo viwili haifai hapa, kwani huruhusu hewa kupenya polepole. Kingo huzibwa kwa unga wa kioo ulioyeyushwa au kwa chuma.

Unga wa kioo nao una shida zake. Aina nyingi huhitaji joto la takriban nyuzi 450, na joto hilo hudhoofisha kioo kilichokomazwa kwa moto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ulster, Ireland Kaskazini, walionyesha kwamba madini ya indiamu yanaweza kuziba kingo chini ya nyuzi 200, ingawa madini hayo ni ghali.

Adui wa pili yumo ndani ya kioo chenyewe. Mvuke wa maji na gesi nyingine hunata kwenye kioo na kuachiliwa pole pole kadiri miaka inavyosonga. Kwa sababu hiyo, kioo hupashwa moto kikifyonzwa hewa ili gesi hizo zitoke mapema. Zinazosalia hutegwa na madini maalumu, kama vile bariamu au zirikoni, yanayowekwa ndani kuzinasa.

Tatu ni tofauti ya joto. Kioo cha ndani ya nyumba kinapotanuka na cha nje kinyweapo kwa baridi, kingo zilizofungamana huvutwa huku na huku. Mvuto huo usipozingatiwa wakati wa kubuni fremu, ufa unaweza kutokea, na ufa mmoja hutosha kuliua ombwe lote.

Mambo ya kuzingatia

Kioo cha ombwe hakikatwi wala kutobolewa kwenye eneo la ujenzi. Fundi anayekipunguza ili kitoshee hubaki na vipande vya vioo vya kawaida vilivyonunuliwa kwa bei ghali. Vipimo sharti vichukuliwe kabla ya kuagiza. Aidha, kioo kilichopoteza ombwe hakirekebishwi nyumbani, hubadilishwa.

Mnamo 2018, shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilichapisha kanuni za kupima vioo hivyo. Mnunuzi ana haki ya kuuliza iwapo bidhaa imepimwa, na iwapo dhamana yake inahusu kupotea kwa ombwe wala si kuvunjika kwa kioo pekee.

Nchini Kenya, somo hili linahusu pia mirija ya vioo iliyo juu ya mapaa kwa ajili ya kupasha maji moto kwa jua, ambayo mingi huhifadhi joto kwa ombwe. Mirija hiyo huwa na bariamu iliyoacha rangi ya fedha kwenye ncha ya chini. Rangi hiyo ikigeuka nyeupe, hewa imeingia na mrija unafaa kubadilishwa.

Chupa ya chai nayo hupimwa kwa mkono. Ikitiwa maji yaliyochemka na ubavu wake ukapata joto baada ya muda mfupi, ombwe lake limekwisha, na hakuna kifuniko kitakachoirejeshea nguvu.